Siti ya Premio iliyouzwa kabla sijafika

Premio ile, gari dogo la Toyota, ililetwa katika yadi ya mjomba wangu ya kuvunjia magari hapa Arua, Uganda, ikiwa juu ya lori la mchanga. Pua yote ilikuwa imerudi ndani. Usiku mmoja, kati ya Karuma na Pakwach, ilivaa mkia wa lori lililokuwa limekufa barabarani bila taa wala tawi la kutahadharisha. Dereva alipona, abiria wake pia. Aliyeileta alitwambia hivyo huku akionyesha mifuko miwili ya hewa, zile eabegi za kumkinga mtu wakati wa ajali, iliyoning'inia, mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye dashibodi, imelegea kama magunia ya unga yaliyokwisha.

Mimi sikuwepo asubuhi hiyo. Nilipofika saa sita mchana, siti ya dereva ilikuwa imeshang'olewa na kulazwa chini, na kijana wetu wa kukata vyuma alikuwa amekwisha kufungua mitungi yake ya gesi. Alitaka kutenganisha fremu ya siti na reli zake ili chuma kiende kwenye mzani na sponji liende kwa washona siti za bodaboda. Nilimwita kwa sauti ambayo sikuikusudia iwe kali vile. Akageuka, akainua kioo chake cha macho.

"Dada, eabegi zimeshatoka. Angalia mwenyewe."

Kuhusu zile mbili alikuwa mkweli. Niliinamisha siti, nikamwonyesha chini yake plagi ndogo ya rangi ya njano. Kisha nikamwonyesha ubavu wa egemeo, upande unaokaa karibu na mlango: kitambaa kidogo kimeshonewa kwenye pindo, kimeandikwa herufi ambazo amekuwa akiziona kila siku bila kuambiwa zinamaanisha nini. Ndani ya ubavu ule kulikuwa na mfuko wa tatu. Haukuwa umetoka, na haukuwa na sababu ya kutoka.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na siwalaumu. Gari likigongwa mbele, kompyuta yake huwasha mifuko ya mbele peke yake. Mifuko ya ubavuni hungoja pigo la ubavuni. Kwa hiyo gari lililopondeka vibaya zaidi machoni petu, lile ambalo kila mtu analiita maiti, mara nyingi huingia yadini likiwa na baruti hai kwenye siti zote mbili za mbele, na pengine nyingine juu ya milango, pembeni mwa paa. Kadiri mifuko ya mbele inavyoning'inia waziwazi, ndivyo watu wanavyoamini kazi imekwisha.

Nasema baruti kwa sababu ni baruti. Ndani ya mfuko wa siti kuna mtungi mdogo wa chuma, na ndani ya mtungi kuna dawa inayoungua kwa kasi na kugeuka gesi. Zamani dawa hiyo ilikuwa sodiamu azaidi, sumu kali ikiwa haijaungua. Magari ya baadaye yana michanganyiko mingine. Ikiungua, gesi inayotoka kwa sehemu kubwa ni nitrojeni, ile ile iliyojaa kwenye hewa tunayovuta, kwa hiyo hatari haiko sana kwenye gesi. Iko kwenye kasi. Mbele ya dereva kuna nafasi: boneti, injini, dashibodi, na ule umbali kati ya kifua na usukani. Ubavuni kuna mlango tu na upana wa kiganja. Gari likigongwa ubavuni, chuma cha mlango kinakufikia karibu mara moja, na kwa sababu hiyo mfuko wa ubavuni umeundwa kujaa upesi kuliko ule wa usukani, ndani ya sehemu kumi hadi ishirini za elfu moja ya sekunde. Hakuna mkono wa binadamu unaoondoka njiani kwa muda huo.

Na moto wa kukatia? Watengenezaji wa mitungi hii walifikiria gari linapoungua. Chuma kikipata moto sana kinalegea, na mtungi uliolegea ukipasuka hugeuka bomu la vipande. Basi waliweka ndani dawa ya kuwasha inayojiwasha yenyewe joto likipita kiasi fulani, kwa kawaida chini ya nyuzi 200 za selsiasi, ili mtungi ufyatuke ungali imara. Ni akili nzuri ikiwa gari linaungua barabarani na watu wamekwisha toka. Lakini moto wa gesi ya kukatia hufika nyuzi 3,000, na anayeushika ameinamia siti, uso wake hatua moja kutoka kwenye pindo lile.

Namfahamu kijana wa yadi nyingine mjini aliyekata siti ya Noah namna hiyo. Hakufa. Sikio lake la kushoto halisikii tena, na ngozi ya mkono ilichukua miezi kupona. Aliyemwajiri alimwambia ni ajali ya kazi. Hakuna aliyekuwa amemwonyesha plagi ya njano, na mimi sitaki kuliita jambo hilo ajali.

Mjomba alinisikiliza siku ile ya Premio, akakuna kidevu, kisha akasema neno lililonifanya nikae chini kwenye tairi.

"Binti yangu, siti ya abiria nimeshaiuza. Asubuhi. Shilingi elfu sitini."

"Kwa nani, Mjomba?"

"Mkongo mmoja. Wa simu."

*

Kabla sijaitafuta siti hiyo ilinibidi niimalize ile iliyokuwa mbele yangu, kwa sababu kijana alikuwa ananiangalia, na nikiondoka ningemwachia swali badala ya jibu. Nitaeleza tunavyofanya, maana najua wako mafundi Koboko, Gulu, Busia na kwingineko watakaosoma wakiwa na siti kama hiyo mbele yao.

Kwanza betri. Ya Premio ilikuwa imepasuka, lakini hiyo haitoshi. Sanduku la kompyuta ya eabegi, ambalo aghalabu liko chini ya dashibodi katikati, huhifadhi umeme wake kidogo ili liweze kufyatua hata betri ikikatika wakati wa ajali. Kwa hiyo vichwa vya betri huchomolewa, kisha mtu hungoja. Vitabu vya Toyota vya zamani huandika sekunde 90, vya wengine dakika kadhaa. Sisi tunangoja dakika kumi, tunakunywa chai. Baada ya hapo ndipo mtu anagusa plagi ya njano.

Kisha siti inarudi garini. Ndiyo, inarudi. Tuliinyanyua na kijana tukaifunga tena sakafuni kwa bolti zake zote nne. Siti isiyofungwa inaweza kuruka, na gari lenyewe ndilo kinga bora tuliyo nayo: milango imefungwa, vioo vimepandishwa, imebaki nafasi ya kupitisha waya tu. Ikiwa mfuko umeshatolewa kwenye siti na uko peke yake, hapo vitabu vya watengenezaji huelekeza mrundo wa matairi: unafungwa kwa waya imara ndani ya tairi, matairi mengine yanawekwa chini na juu, na yote yanakazwa pamoja. Usiulaze mfuko mtupu chini ukitarajia utatulia.

Plagi ya upande wa siti hatuikati. Ndani yake kuna kipande chembamba cha bati kinachounganisha waya mbili plagi ikiwa imechomolewa, ili cheche yoyote ipite hapo bila kufika kwenye kiwashio, kile kinachowasha dawa ya mfuko. Ni kinga ndogo ya werevu mkubwa, na mtu akikata waya anaitupa. Tunachofanya ni kukata plagi ya upande wa gari, ile inayoingiana nayo, tukiacha mkia mrefu wa waya, na kwenye mkia huo tunaunga waya pacha wa mita kumi na tano. Vitabu huagiza angalau mita 10. Ncha za mbali tunazisokota pamoja kabla ya kuchomeka plagi kwenye siti, na zinabaki zimesokotwa mpaka dakika ya mwisho. Anayechomeka plagi ndiye huyo huyo anayeshika ncha za mbali. Hapo hatubadilishani.

Umeme unaohitajika ni mdogo mno, na hili ndilo ninalotaka mafundi wa umeme wanisikie vizuri. Kiwashio cha kawaida kinahitaji takriban ampea 1.2 kwa sehemu mbili za elfu moja ya sekunde. Balbu ya indiketa ya wati 21, ile tunayoifunga waya mbili na kuiita testa, hupitisha karibu ampea 1.75 kwenye betri ya volti 12. Maana yake fundi anayechomeka testa yake, ikiwa imeungwa na betri, kwenye plagi ya njano ili aone kama "kuna moto" amekwisha ufyatua mfuko. Hata mita ya kupimia omu watengenezaji wanakataza kuigusisha kwenye kiwashio, kwa sababu nayo hutuma umeme wake mwenyewe. Usipime kitu hapo.

Tulipokuwa tayari, sikugusa betri. Nilikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa wetu.

Mara ya kwanza kufanya kazi hii, miaka michache iliyopita, sikwenda kwa mtu. Nilijua umeme, nilijua umbali, nikaona nimejua yote. Nyuma ya ukuta wa yadi yetu wamepanga akina mama kutoka Sudan Kusini, wengine wana jamaa zao kambini Rhino Camp, wamekuja mjini kutafutia watoto shule. Mfuko ulipolia, nilisikia kimya cha sekunde moja hivi, kisha sauti ya sufuria kuanguka, kisha watoto. Nilipozunguka ukuta nikamkuta mama mmoja amelala kifudifudi juu ya watoto wake wawili, kwenye mchanga, na uji umemwagika karibu na kichwa chake. Hakuniangalia. Alikuwa anasikiliza mlio wa pili.

Hata wazee wetu wenyewe wa West Nile, waliokimbia na vita vya 1979 vilivyomwangusha Idi Amin na miaka iliyofuata, wanajua kulala vile. Nilimwomba mama yule msamaha, nikarudi siku iliyofuata na sukari na sabuni, na alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Tangu siku hiyo LC1 anaambiwa siku moja kabla, au saa mbili kabla ikiwa kuna haraka, na kijana wake anapita nyumba kwa nyumba akisema kwa Kiswahili na kwa Kilugbara na kwa Kiarabu cha Juba kwamba kutakuwa na mshindo mmoja, wa gari, saa kumi. Kituo cha polisi nacho kinapigiwa simu. Katika mambo yote niliyoyaandika hapa, hili hutalikuta kwenye kitabu cha fundi, nami naliweka sawa na zile mita kumi.

Saa kumi kamili nilifungua ncha za waya, nikagusisha betri. Mshindo mmoja, mkavu, si kama bunduki ukiusikia ukiwa unautarajia. Premio ilitikisika. Moshi mweupe ulijaa ndani ya vioo, na pindo la siti lilikuwa limefumuka kama mshono wa gunia.

Hatukukimbilia. Mtungi ukishafyatuka unakuwa wa moto wa kuunguza. Vitabu vinasema usiguswe kwa nusu saa, na usimwagiwe maji. Ukikataa kufyatuka pia tunakaa mbali nusu saa, ncha za waya zikiwa zimesokotwa tena. Baada ya hapo ni glavu na miwani, na kunawa mikono, kwa sababu lile vumbi huwasha macho na koo. Kijana aliingiza mkono wenye glavu ndani ya pindo, akautoa mfuko mwenyewe, mdogo, wa rangi ya krimu. Aliukunjua, akaukunja.

"Huu ulikuwa humu muda wote?" akauliza.

*

Nataka kusema kitu kuhusu Japani, kwa sababu hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Tangu Januari 2005 Japani ina sheria ya kuchakata magari. Mwenye gari huweka amana, na amana hiyo inalipia vitu vitatu ambavyo ni vigumu kuvitupa: gesi ya eyakondisheni, mabaki ya gari lililosagwa, na mifuko ya hewa. Gari likifa Japani, anayelivunja huifyatua mifuko yote au kuitoa kwa utaratibu, naye analipwa kwa kazi hiyo. Ulaya nako sheria yao ya mwaka 2000 kuhusu magari yaliyokufa inataka vitu vinavyoweza kulipuka viondolewe au viuawe nguvu kabla gari halijasagwa. Kuna hata kanuni ya kimataifa, ISO 26021, ya kufyatua mifuko yote ya gari kwa pamoja kupitia tundu lile lile la kupimia kompyuta.

Sasa, gari lile lile la Japani likiuzwa nje badala ya kufa kwao, amana inarudishwa. Inarudi kwa mmiliki wa mwisho aliyelipeleka nje. Pesa ya kufyatua mfuko inabaki Japani, na mfuko unapanda meli hadi Mombasa, unapita Malaba, unaendeshwa Kampala miaka kumi, unauzwa Lira, unakuja Arua, na mwisho wake ni kijana mwenye mtungi wa gesi na kioo cha macho kilichokwaruzwa. Hakuna aliyevunja sheria popote katika safari hiyo. Hapo ndipo uchungu ulipo.

Uganda ilipitisha mwaka 2018 sheria inayozuia kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Ilikuwa hatua nzuri, nami naiunga mkono. Lakini lango la kuingilia ndilo tu lililowekwa mlinzi. Magari yaliyoingia yakiwa na miaka kumi sasa yanakufa, nayo ni ya kizazi cha miaka ya 2000, kizazi ambacho mifuko ya ubavuni ilianza kuwa ya kawaida. Baba zetu walivunja magari yasiyokuwa na mfuko hata mmoja. Sisi tunavunja yenye minne, sita, na ile ya pembeni mwa paa ina mitungi ya gesi iliyoshindiliwa kwa presha inayopita ya tairi zaidi ya mara mia. Kabla ya kukata nguzo ya paa, ng'oa kwanza plastiki ya ndani uone mtungi uko wapi. Wazima moto wa nchi nyingine hufanya hivyo hata mtu akiwa amenasa ndani.

Kuna waliosikia habari za Takata, kampuni ya Japani iliyotengeneza mifuko ya hewa, wakadhani ni hadithi ya Marekani. Kampuni hiyo ilitumia amonia naitreti bila dawa ya kunyonya unyevu, na joto na unyevu wa miaka mingi viliiharibu, hata mitungi ikawa inapasuka na kurusha vyuma. Marekani peke yake mitungi takriban milioni 67 iliitwa irudishwe, na kampuni ikafilisika mwaka 2017. Sehemu kubwa ilihusu mifuko ya mbele. Lakini soma tena sababu: joto, unyevu, miaka. Hiyo ni Uganda yote. Kwa hiyo hata mfuko ninaouamini, ninaufyatua nikiwa nyuma ya ukuta.

*

Mkongo wa simu nilimpata siku ya pili, kwenye barabara ya kwenda Vurra. Anatoka Ariwara, ng'ambo ya mpaka, na kibanda chake ni cha mbao na mabati, kina paneli ya jua juu na betri kubwa ya volti 12 sakafuni. Kutoka kwenye betri ile zilitoka waya kama ishirini, nyingine zina vibanio mdomoni, zinachaji simu, redio, tochi. Na mbele ya betri, imepandishwa juu ya matofali manne, imefunikwa kitenge, ndipo ilipokuwa siti yangu. Mtoto wa miaka saba hivi alikuwa ameikalia, ameegemea ubavu ule ule, anaangalia katuni kwenye simu ya mteja.

Nilimsalimia mwenyewe, nikapiga magoti nikaangalia chini. Plagi ya njano ilikuwa inaning'inia kati ya matofali mawili, shibiri moja kutoka kwenye vibanio vya betri.

"Mama, umepoteza kitu?" akaniuliza.

Nikamwomba mtoto ashuke. Nikamweleza taratibu, nikichora kwa kidole mchangani: siti, mtungi, waya. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema alikuwa ameiona plagi ile tangu jana, akajua ni ya kupasha siti joto, maana amewahi kuona siti za namna hiyo. Alitaka kuijaribu na betri. Akaacha. "Nikasema, hapa Arua joto liko la kutosha."

Alimvuta mtoto akamweka kati ya magoti yake, na hakumwachia mpaka tulipomaliza kuzungumza.

Nilifunga plagi kwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi na uzi, tukapakia siti kwenye pikipiki ya magurudumu matatu, egemeo likitazama nje, mbali nasi. Mwenyekiti wa LC1 aliniona napita akainua mkono, akauliza saa ngapi. Nikamwambia saa kumi tena. Alikuja yeye mwenyewe akasimama nyuma ya ukuta, na mwenye kibanda, na kijana wetu wa kukata, ambaye safari hii ndiye aliyechomeka plagi na kutembea na ncha zilizosokotwa mpaka kwenye betri. Mimi nilisimama pembeni nikihesabu hatua zake.

Fundi cherehani wa jirani alilishona pindo kwa uzi wa nailoni, shilingi elfu tatu, mjomba akalipa. Jioni siti ilirudi barabara ya Vurra, ikapandishwa juu ya matofali yake, na mtoto akaikalia kabla hatujaitandazia kitenge.